Kilemba Kitazame Kisogoni

Wengi wakikutana na Singasinga mjini humtazama usoni, wakakisifu kilemba chake, wakapita zao. Mimi humngoja anipe kisogo. Kilemba kilichopigwa ovyo hujisitiri mbele na kuumbuka nyuma: kitambaa kimesokotwa kama ngata, ncha imechomekwa harakaharaka, unywele unachungulia shingoni.

Jicho hili sikuzaliwa nalo. Hapa mtaani kwetu Kiseke nawafunga akina mama vilemba vya vitenge wanapokwenda kwenye sendofu na kipaimara, na nilijiona fundi. Siku moja nilipeleka gari gereji upande wa Nyakato, mvua ikatunyeshea, na mzee mwenye gereji kilemba chake kikaloa chepechepe. Aliingia ofisini akatoka na kitambaa kikavu, kichwani amebakiza kile kilemba kidogo cha ndani kinachositiri nywele.

"Mama, hebu nishikie ncha hii."

"Niishike vipi, Mzee?"

"Ivute kama unaigombea."

Nikavuta. Yeye yuko mlangoni, mimi nimekanyaga kizingiti cha stoo, na kati yetu mita tano na ushee za melimeli nyeusi aliyoinyunyizia maji kidogo. Tuliivuta kwa mshazari, pembe kwa pembe, mpaka makunyanzi yakaisha, kisha tukaikunja kwa urefu, tukaikunja tena, ikabaki mkanda wa upana wa kiganja. Akiwa peke yake, aliniambia, ncha ya pili huifunga kwenye kitasa cha mlango. "Lakini kitasa hakivuti," akasema.

Hapo ndipo kilemba huharibika au hupona. Mkunjo uliokosewa kitambaa kikiwa mikononi hautanyooshwa kichwani. Kwa hiyo ukimwona mtu anahangaika mbele ya kioo robo saa, anabonyeza huku na huku, jua tatizo lilianzia kwenye kuvuta.

Kitambaa nacho kina maneno yake. Kinachofaa ni pamba nyepesi iliyofumwa vizuri. Ifinye kiganjani, uiachie: pamba hubaki na makunyanzi, maana yake itashika mkunjo, poliesta huchanua papo hapo, na kichwani itakuwa inateleza mchana kutwa. Sisi wa Usukuma, tuliolelewa na pamba, hatuna udhuru wa kutojua tofauti hiyo. Wanaopenda kilemba kipana huunganisha vipande viwili kwa mshono wa urefu. Utafute mshono huo. Ukiuona nje, fundi kapitiwa.

Kupiga kwenyewe huanza kwa ncha moja kuumwa kwa meno. Mkanda hupita nyuma, hupanda upande mmoja wa paji, huzunguka fundo la nywele, hushuka upande wa pili, na kila mzunguko huacha ukingo wa ule uliotangulia uonekane kwa upana uleule. Hesabu kingo za kushoto, kisha za kulia. Zikilingana, na zikakutana katikati ya paji kama paa la nyumba, huyo anajua. Mzunguko wa mwisho hufunguliwa upana kufunika utosi. Ile ncha iliyokuwa mdomoni huchomekwa nyuma. Kisha hutolewa kijiti chembamba cha chuma, kama sindano isiyo na tundu, cha kunyooshea kingo na kurudishia nywele ndani. Mzee yule alikitumia mara tatu tu. Nimewaona vijana wakichokoa nacho kama wanapalilia mchicha.

Mtindo wa kwetu Afrika Mashariki unajulikana mbali: kitambaa kimetiwa wanga, kingo kali, ncha ya mbele imechongoka. Masingasinga wa Uingereza wenyewe huuita wa Kenya. Sishangai. Waliokuja na reli ya Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, wengi walikuwa maseremala, wahunzi na waashi, na jicho la seremala halivumilii pembe iliyopinda. Ila wanga ukizidi, kilemba hugeuka helmeti. Na tukitaja helmeti: Uingereza ilitunga sheria 1976 kumruhusu Singasinga mwenye kilemba aendeshe pikipiki bila hiyo. Vijana wetu wa bodaboda wa Kiseke hawana helmeti wala kilemba.

Maana ya kilemba usiipime kwa urembo. Mwaka 1699, huko Anandpur, India, Guru Gobind Singh, kiongozi wa Masingasinga, aliunda jumuiya yao ya Khalsa na kuwapa wanaume jina la Singh, yaani simba, na wanawake Kaur. Miongoni mwa alama tano walizopewa ni nywele zisizokatwa. Kilemba hakimo katika hizo tano, lakini ndicho mlinzi wa nywele. Zamani huko India kilemba kilikuwa cha wakubwa, na kuwavika watu wote kulikuwa kusema kwamba hakuna mnyonge mbele ya Mungu. Baba akifariki, mwana mkubwa huvikwa kilemba mbele ya ndugu, na mzigo wa nyumba unakuwa wake. Sisi tunaotoa kilemba cha mjomba kwenye posa, na kumcheka aliyevikwa kilemba cha ukoka, hatuhitaji mkalimani hapo.

Kipimo changu cha mwisho ni jioni. Kilemba kizuri hufunguliwa mkunjo kwa mkunjo kama kilivyopigwa, na kesho yake kinaanza upya kwenye kuvuta. Wapo wanaokivua kizima kama kofia na kukirudisha asubuhi. Mimi huwapunguzia alama, hata kingo zao ziwe kali vipi.

Nawe msomaji, usikiguse kilemba cha mtu hujaambiwa uguse. Ukitaka kujifunza, shuka sokoni Makoroboi ununue mita tano za pamba nyepesi, kisha tafuta wa kukushikia ncha.