Nani Aliyeshika Kamera?

Mwanafunzi mmoja wa chuo hapa Lubumbashi ametuonyesha mpango wa andiko lake la utafiti. Anataka kuandika juu ya ubaguzi wa rangi katika upigaji wa picha. Shauri lenyewe ni jema, tena lafaa kusomwa parokiani, maana ni nyumba ngapi za Wakristo zisizo na picha ya arusi au ya Komunyo ya kwanza ukutani? Lakini mpango wake una kasoro, nasi tutaisema waziwazi, kwa kuwa wengi wanayo.

Mpango huo waanzia Marekani na kuishia huko huko. Habari alizokusanya ni za kweli. Tangu miaka ya 1950 kampuni ya Kodak iliwapelekea wasafishaji wa picha kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, nayo ikaitwa "Shirley". Rangi zilipimwa kwa ngozi yake. Yeye akitoka vizuri, basi, kazi imekwisha. Mtu mweusi akipigwa picha pamoja na weupe, mara nyingi uso wake ulitoka kama kivuli, yakaonekana macho na meno tu. Bibi Lorna Roth, mwalimu wa chuo kikuu huko Kanada, aliyachunguza mambo hayo na kuyatangaza mwaka 2009. Alieleza kwamba wenye viwanda vya samani na vya chokoleti walinung'unika kuwa rangi ya mbao na ya chokoleti haitoki sawasawa, na manung'uniko hayo yaliisukuma kampuni kutengeneza filamu bora. Kumbe, chokoleti ilisikilizwa! Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilingoja mpaka miaka ya 1990.

Jambo hilo laonekana hata kwetu. Watoto wa Komunyo huvaa nguo nyeupe pe. Mpiga picha akipima mwanga kwa nguo, nguo itapendeza na uso utazama gizani. Akipima kwa uso, uso utatoka na nguo itawaka kupita kiasi. Fundi hodari hujua kusogeza mtoto karibu na dirisha. Filamu iliyopimwa kwa Shirley haikumsaidia.

Lakini tukikoma hapo, tunaishitaki filamu na kumwachilia mwenye mkono. Picha nyingi za kale za Katanga hazina rangi, wala Shirley hamo. Yatupasa kuuliza mengine: nani aliambiwa asimame pale, kwa amri ya nani, na chini ya picha paliandikwa nini?

Kijana huyu hakuwa na haja ya kwenda mbali. Sammy Baloji ni mzaliwa wa mji huu, mwaka 1978. Katika mfululizo wake uitwao "Mémoire", wa mwaka 2006, alichukua picha za zamani za Union Minière, kampuni iliyoanza mwaka 1906, ambayo wazee waliizoea kwa jina la Changa-Changa, na ambayo serikali iliitwaa mwanzoni mwa mwaka 1967. Aliwakata wafanyakazi na mabwana zao kutoka katika picha hizo, akawasimamisha hali hawana rangi mbele ya picha za rangi za migodi na viwanda vilivyochakaa. Katika picha ya kampuni mfanyakazi alikuwa kama chombo cha kazi, ushahidi kwamba mambo yaenda kwa utaratibu. Sasa mashine zimekufa, naye bado amesimama, anatutazama. Mimi naona hapo pana nguvu kuliko katika hotuba nyingi.

Kisha "Congo Far West", iliyoonyeshwa Tervuren mwaka 2011, ambayo Baloji aliifanya pamoja na mwandishi Patrick Mudekereza. Safari ya Charles Lemaire ya miaka 1898 hadi 1900 ilikuwa na mpiga picha, François Michel, na mchoraji, Léon Dardenne. Dardenne alichora mandhari matamu ya rangi za maji. Michel alipiga watu usoni, kisha ubavuni. Mtu apigwaye hivyo hapigwi ili akumbukwe, anapimwa. Baloji aliwaweka watu hao juu ya mandhari ya Dardenne, na utamu wote ukageuka.

Hata hivyo nina neno moja juu ya kazi hizi. Mtu aliyekatwa na kubandikwa kwingine bado hana jina. Katika akiba za namna hii bwana mkubwa mara nyingi ana jina na cheo, na vibarua ni "kikundi". Msanii amebadili mandhari, lakini kimya kile kimebaki.

Mwaka 1904, huko Baringa, Bibi Alice Harris, Mprotestanti, alimpiga picha Nsala akitazama mkono na mguu wa binti yake Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Tunayajua majina yao kwa sababu yaliandikwa, na hivyo picha ikawa shahidi huko Ulaya. Wamisionari wetu wengi wa Kibelgiji wakati ule walinyamaza. Nayo majarida ya misioni, ambayo hili letu ni la ukoo wao, yalipenda mno picha za mtoto uchi na mtoto yule yule amevaa kaptura, bila jina kabla wala baada. Kijana asituache nje ya utafiti wake.

Basi, apunguze mpango wake. Achague picha kumi za kambi moja tu ya wafanyakazi. Mwalimu Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameonyesha njia: alisikiliza wafanyakazi na jamaa zao, na kitabu chake, "Bana Shaba abandonnés par leur père", kilitoka mwaka 2001. Kijana azichukue picha zake mpaka Kenya na Katuba, aketi na wazee, awaulize kwa Kiswahili chetu: Baba, huyu ni nani? Afanye hivyo mwaka huu. Aliyekuwa na miaka 20 kampuni ilipotwaliwa ana karibu 80 sasa, na wengi tumekwisha wazika.