Gottfried Silbermann, Fundi wa Vinanda: Sifa Zake na Lawama Zake

Habari za watunga nyimbo twazisoma mara nyingi, walakini habari za mafundi waliotengeneza vinanda vya kupigia nyimbo hizo hazisimuliwi sana. Leo twataka kumpima mmoja wao, Gottfried Silbermann wa nchi ya Saksonia katika Ujerumani. Twasema kumpima, wala si kumsifu tu, maana sifa zisizopimwa hazimjengi msomaji.

Alizaliwa mwaka 1683 katika kijiji cha Kleinbobritzsch, karibu na mji wa Frauenstein. Baba yake alikuwa seremala. Ndugu yake mkubwa, Andreas, alikuwa fundi wa vinanda mjini Strasbourg. Gottfried akamfuata yapata mwaka 1702, akajifunza kazi kwake, akarudi kwao mwaka 1710, akakaa Freiberg, mji wa machimbo ya fedha. Huko, katika kanisa kubwa la mji, alimaliza mwaka 1714 kinanda chenye ngazi 3 za kupigia kwa mikono, na safu za filimbi zaidi ya 40. Umri wake ulikuwa miaka 31, na kinanda hicho chapigwa hata leo.

Yafaa tueleze kazi yenyewe. Katika kinanda cha namna hii kila sauti ina filimbi yake. Nyingine ni ndefu kuliko mtu, nyingine ni fupi kama kidole. Nyingi ni za bati na risasi zilizochanganywa, nyingine ni za mti. Mivukuto hutia upepo katika sanduku, na mpigaji akibonyeza, mlango mdogo hufunguka chini ya filimbi, upepo ukaingia. Mti ukipindika kidogo tu, upepo hupenya pasipotakiwa, na filimbi hulia bila kupigwa. Kwa hiyo uvivu wa fundi haufichiki. Utasikika Jumapili mbele ya watu wote.

Mithali yasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Silbermann alisifiwa tangu ujana wake, lakini tembo lake hakulitia maji. Alitengeneza vinanda kama 50, na 30 hivi vingalipo. Tena si vyote vya miji mikubwa. Kijiji cha Großhartmannsdorf kilipata chake mwaka 1741, na kijiji cha Nassau mwaka 1748. Hivyo ni vidogo kuliko kile cha Freiberg, lakini mti wake ni ule ule mzuri, na filimbi zake zimesawazishwa kwa uangalifu ule ule. Hapo ndipo twaona sifa yake kubwa. Mtu aweza kufanya kazi vema mbele ya wakuu. Lakini afanyaye vema kwa wakulima, mahali ambapo hapana mjuzi wa kumkagua, huyo ameipenda kazi yenyewe.

Sasa tuzitazame lawama. Johann Friedrich Agricola, mwanafunzi wa Johann Sebastian Bach, aliandika maelezo katika kitabu cha vinanda cha Adlung, kilichochapwa mwaka 1768. Asema kwamba wajuzi walimsifu Silbermann kwa usafi wa kazi, uimara wa vifaa, na uzuri wa sauti. Lakini waliona makosa matatu. Kwanza, vinanda vyake vyafanana mno, kwa kuwa aliogopa kujaribu safu za filimbi asizozijua vema. Pili, safu za sauti kali za juu zilikuwa dhaifu, hazikutosha kulijaza kanisa kubwa. Tatu, alishikilia kwa ukaidi njia yake ya kusawazisha sauti.

Lawama ya kwanza twaipunguza. Washarika waliochanga fedha zao wana haki ya kupewa kitu kilicho hakika, wala si majaribio ya fundi. Ya pili twawaachia wale waliokaa katika makanisa hayo. Lakini ya tatu twaikubali. Waimbaji wetu wajua kwamba do yaweza kuanzwa juu au chini, na wimbo ukabaki ule ule. Katika vinanda vya Silbermann, do ikianzwa mahali pengine sauti zapatana kwa utamu, na mahali pengine zagombana. Watunga nyimbo walikuwa wamekwisha kutaka njia zote. Yeye alikataa kuwafungulia.

Wala hakuwa mtu asiyeweza kujirudi. Alipotengeneza piano za kwanza, Bach alimwambia kwamba sauti za juu ni dhaifu, tena ni nzito kupigwa. Silbermann alikasirika sana. Lakini hasira ilipopoa hakuendelea kuziuza, bali alifanya kazi miaka mingi kuzitengeneza upya, hata Bach mwenyewe akazisifu. Mfalme Friedrich wa Prussia alizinunua, na Bach akazijaribu huko Potsdam mwaka 1747. Kukasirika ni kwa wanadamu wote. Kurudi kwenye meza ya kazi ni kwa wachache.

Jambo lituhuzunishalo zaidi si la sauti. Mwanafunzi wake, Zacharias Hildebrandt, alikuwa ameahidi kwa maandiko kwamba hatashindana na mwalimu wake. Alipoanza kupata kazi zake mwenyewe, Silbermann alimshtaki. Ahadi ni ahadi, na sheria ilikuwa na mwalimu. Lakini sisi tufundishao twauliza: mwalimu amfundishaye mtu, kisha amzuie asile kwa kazi aliyomfundisha, amempa nini? Twashukuru kwamba habari haikuishia hapo. Mwaka 1746 Silbermann na Bach walikwenda pamoja Naumburg kukikagua kinanda kikubwa cha Hildebrandt. Na Silbermann alipokufa Dresden, tarehe 4 Agosti 1753, kinanda chake cha mwisho kilicho kikubwa, cha Kanisa Katoliki la mfalme, kilikuwa hakijaisha. Hildebrandt ndiye aliyekimaliza, mwaka 1755.

Mwaka 1945 mabomu yaliiteketeza Dresden, na vinanda vyake viwili vikapotea, cha Frauenkirche na cha Sophienkirche. Filimbi za kile cha mwisho zilikuwa zimekwisha ondolewa na kufichwa mbali na mji. Zikapona, zikapigwa tena tangu mwaka 1971.

Basi hukumu yetu ni hii: mikono yake ilikuwa mwaminifu kuliko moyo wake ulivyokuwa mkunjufu. Kazi aliyotaka kuifungia nyumbani mwake ilimalizwa na yule aliyemshtaki. Ninyi mlio na ufundi wowote, wa useremala, wa ushoni au wa kuimbisha, ifuateni mikono yake. Na mwanafunzi wenu akianza kusimama peke yake, msingoje kaburi liwapatanishe.