Ngazi inayoanzia juu ya ukuta: namna Uingereza inapandisha wapanda farasi wake



Kila Olimpiki ikiisha, hoja moja inarudi kati yetu sisi tuliosoma: Uingereza inashinda juu iko na programu. Inatafuta watoto wenye kipaji wakiwa wadogo, inawapandisha ngazi kwa ngazi mpaka medali. Hoja hiyo iko na ukweli ndani yake. Lakini leo naomba tuichunguze kupitia mchezo mmoja ambako inaonekana wazi inavunjikia wapi: mchezo wa farasi.

Nasema tangu mwanzo ili msinisome vibaya. Programu ya Waingereza ya wapanda farasi, ile inayoitwa World Class, ni kazi nzuri, na wengi wanaiiga. Shida iko kwenye neno kipaji. Programu inasema inatafuta kipaji, lakini inapokea tu kipaji ambacho kimekwisha kupata farasi. Na anayelipa ni raia wa kawaida.

Kwanza tuone ilitoka wapi. Kwenye Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, Uingereza ilipata medali moja tu ya dhahabu, ikawa ya 36 kwenye orodha ya mataifa. Ilikuwa aibu ya taifa. Loteri ya taifa ilikuwa imeanza mwaka 1994, na serikali ikaamua sehemu ya franga ile iende kwa wanamichezo wa ngazi ya juu. Mwaka 1997 ikaanzishwa UK Sport, ofisi ya kugawa pesa hiyo, na kanuni yake ilikuwa kali: mchezo unaoleta medali unapewa, mchezo usioleta unakatwa. Federasyo ya farasi ikaingia ndani ya mpango huo.

Matokeo? Huwezi kuyabisha. London 2012, Waingereza walichukua medali tano za farasi, tatu za dhahabu. Kwenye kuruka vizuizi walishinda kama timu kwa mara ya kwanza tangu Helsinki 1952. Tokyo wakashinda timu kwenye mashindano ya siku tatu, yale ambayo farasi mmoja anafanya dresaji, mbio za porini na kuruka. Walikuwa hawajashinda tangu Munich 1972. Paris 2024, medali tano tena, mbili za dhahabu. Mtu akisema programu haifanyi kazi, hajaangalia.

Sasa, mtoto anapandaje? Anaanza na farasi mdogo, poni, mara nyingi kupitia Pony Club, chama cha watoto kilichoanzishwa mwaka 1929. Akiwa hodari anaonekana kwenye mashindano ya wilaya, kisha ya taifa. Anaweza kuchaguliwa timu ya taifa ya poni mpaka miaka 16, ya vijana mpaka 18, kisha ile ya mpaka 21, na kuna nyingine ya mpaka 25. Hizo timu zote zinashindana Ulaya, na wachaguzi wanaangalia. Juu ya hapo njo inaanza programu yenyewe. Kuna ngazi ya Podium Potential, ya wale wanaoweza kuleta medali miaka kadhaa mbele, na ngazi ya Podium, ya wale wanaongojewa walete medali kwenye michezo inayokuja.

Ukiingia, unazungukwa na watu: makocha wa taifa, munganga wa wanyama, fundi wa kwato, mtaalamu wa misuli, mtaalamu wa saikolojia, mtu wa kuchambua video za mashindano yako. Unapewa pia pesa kidogo ya kuishi, kulingana na kile unachopata kwingine. Na unapimwa upya. Kama haupandi, unatolewa. Mimi kipande hiki nakikubali kabisa. Mpanda farasi ambaye zamani alikuwa peke yake na zizi lake sasa iko na timu nyuma yake. Nafasi ya kuponya jeraha la farasi mapema, mbele halijawa kubwa, peke yake inaweza kuwa medali.

Lakini angalieni kitu kimoja kwenye ile orodha ya misaada. Farasi hayuko ndani. Programu haimnunulii mpanda farasi farasi wa kushindania.

Hapo njo mambo yote yanageuka. Mchezaji wa mbio anakimbia na miguu yake. Mwogeleaji anaogelea na mikono yake. Mpanda farasi, nusu ya matokeo yake iko chini ya tandiko, na nusu hiyo ni mali ya mtu mwingine. Kwenye Olimpiki, sheria inadai mwenye farasi awe wa taifa moja na anayempanda, tena jambo hilo liwe limekwisha kuandikishwa mapema mwaka wa michezo. Sheria inadai tena farasi awe amekomaa: miaka 8 kwenye dresaji na siku tatu, 9 kwenye kuruka. Donc mtu amefuga, amelisha, amelipa munganga miaka yote hiyo, na siku yoyote anaweza kuamua kuuza.

Mfano mkubwa ni Totilas. Mholanzi Edward Gal na farasi huyo walichukua dhahabu tatu kwenye mashindano ya dunia ya Kentucky mwaka 2010. Majuma machache baadaye farasi akauzwa Ujerumani. Gal alibaki na kipaji chote, lakini ushindi wa namna ile ulikwenda na farasi. Totilas naye, chini ya mpandaji mwingine, hakufika Olimpiki hata mara moja. Kumbe kipaji kilikuwa cha wawili pamoja, na mkataba wa biashara ulikikata katikati. Orodha gani ya programu inaweza kuandika kitu kama hicho? Inaandika jina la mtu. Ngazi inapanda mtu, lakini anayeshinda ni mtu na farasi wake.

Angalia sasa Charlotte Dujardin, ambaye kwa muda mrefu alitolewa kama ushuhuda kwamba mtu wa kawaida anaweza kufika. Hakutoka familia ya matajiri. Mwaka 2007 alifika kwenye zizi la Carl Hester akabaki hapo kufanya kazi. Hester njo alimpa Valegro wa kumfundisha, farasi ambaye Hester mwenyewe alikuwa amemnunua Uholanzi akiwa bado mdogo. Kutoka hapo zikaja dhahabu mbili za London, dhahabu ya Rio, na mwaka 2014 rekodi ya dunia ya asilimia 94.3. Ni hadithi nzuri. Lakini tuisome kama watu waliosoma: mlango wake ulifunguliwa na nani? Ulifunguliwa na mtu mmoja mwenye zizi, mwenye jicho na mwenye roho ya kugawa. Programu ilimsaidia kupanda. Farasi alimpata kwa Hester. Kama Hester angemwambia siku ile kwamba nafasi haiko, hakuna ngazi ingekwenda kumtafuta.

Jambo la pili ni umri. Ukichora ngazi ya poni, vijana, miaka 21, miaka 25, mtu anafikiri asiyepita hapo amekwisha. Matokeo yenyewe yanabisha. Nick Skelton alivunjika shingo mwaka 2000, akaacha mchezo, akarudi, na Rio 2016 akachukua dhahabu peke yake akiwa na miaka 58, juu ya Big Star. Becky Moody aliingia Olimpiki yake ya kwanza Paris akiwa na miaka 44, tena aliitwa kama wa akiba, na farasi wake Jagerbomb alimzalisha yeye mwenyewe. Alirudi na shaba ya timu. Huyo ni mtu alijenga ngazi yake miaka mingi, mtoto wa farasi mpaka farasi mkubwa. Mchezo wa namna hiyo unahitaji programu inayongojea. Pesa inayogawanywa kwa hesabu ya medali kila miaka minne inashindwa kungojea.

Jambo la tatu linaniumiza zaidi, na ni la haki. Tikiti za loteri zinanunuliwa na nani? Na watu wa kila namna, na kati yao wengi ni maskini wenye kutafuta bahati. Sehemu ya tikiti zile inalipa munganga na kocha kwa mchezo ambao mtoto wa mnunuzi hawezi kuuingia, juu hata poni ya kuanzia haiko, wala uwanja, wala gari la kubeba farasi kila mwisho wa juma. Ni kama kuomba kijiji kizima kichange minervali ya chuo kikuu, kumbe shule ya msingi iko ndani ya ukuta wa nyumba ya mtu mmoja.

Mtu ataniambia: labda watoto wa maskini hawataki farasi. Jibu liko London kwenyewe. Brixton, mtaa ambao watu wengi wanaujua kwa mambo mengine kabisa, kuna Ebony Horse Club, chama cha msaada kinachofundisha watoto wa mtaa kupanda farasi. Khadijah Mellah alijifunza hapo. Mwaka 2019, akiwa na miaka 18, na hijabu yake chini ya kofia, alishinda mbio za Magnolia Cup kule Goodwood. Miezi michache tu mbele ya siku ile alikuwa hajapanda farasi wa mbio hata mara moja. Najua, mbio ni mchezo mwingine, na ile ilikuwa mbio ya msaada, haikuwa Olimpiki. Lakini inatosha kuonyesha kitu kimoja: kipaji kilikuwa Brixton siku zote. Kilichokosa ni mtu wa kusema, huyu hapa farasi, panda.

La nne, nalitaja kwa uzito. Julai 2024, siku chache mbele ya Paris, Dujardin huyo huyo alijitoa kwenye timu, juu ya video ya zamani ikionyesha akimpiga farasi miguuni kwa mjeledi, tena na tena, wakati wa mafunzo. Yeye mwenyewe alikubali kosa. UK Sport ikasimamisha pesa yake, na federasyo ya dunia ikamfungia mwaka mmoja. Mimi sitaki kumhukumu mara ya pili, amelipa. Ninauliza juu ya kipimo. Programu inayopima medali kwa miaka mingi, inaonaje kinachofanyika nyumbani kwenye uwanja wa mazoezi siku ya kawaida? Mwogeleaji akitendewa vibaya anaweza kusema. Farasi hawezi. Kwenye mchezo huu, namna ya kumtendea farasi ingepaswa kuwa ngazi ya kwanza ya kupanda, na ya kwanza ya kukuteremsha.

Watetezi wa programu wako na jibu, na ni jibu la heshima. Wanasema: kazi ya UK Sport ni medali, kupanua mchezo kwa watu wote ni kazi ya ofisi nyingine, Sport England. Kila mtu na shamba lake. Sawa. Lakini mgawanyo wa ofisi hauondoi ukuta, unaupa tu mwenyewe. Na kama kazi ni medali peke yake, basi tuache kusema programu inatafuta kipaji bora cha taifa. Tuseme ukweli: inatafuta bora kati ya wale waliokwisha kupita kwa mwenye mali. Hata kwa hesabu ya medali ni hasara, juu ya wale wasioonekana hatujui ni wangapi wangemshinda Skelton.

Kitu gani kingefanyika? Sioni haja ya kuvunja ngazi. Kuna watu wengi, kule Uingereza, wanaungana wananunua farasi mmoja pamoja. Sehemu ya pesa ya loteri ingeweza kuingia kwenye muungano kama huo, kwa sharti kwamba farasi hauzwi nje mbele ya michezo na mpandaji anachaguliwa kwa uwezo. Na vyama kama kile cha Brixton vingepewa poni nzuri, mwalimu, na njia iliyoandikwa ya kufika kwenye macho ya wachaguzi. Hizo ni ngazi za chini, ambazo kwenye mchoro hazichorwi.

Wandugu, sisi hapa hatuna timu ya farasi ya kulilia. Lakini kesho mtu atakuja na mchoro mzuri wa kutafuta vipaji kwetu, wa mpira, wa muziki, wa masomo, na ataonyesha ngazi inapanda vizuri mpaka juu. Tumuulize mambo matatu tu. Ngazi yako inaanzia chini ama inaanzia juu ya ukuta? Kifaa ambacho bila hicho kipaji hakionekani, ni mali ya nani? Na ni nani analipa, mtoto wake naye anaingia?

Njo mimi nimesoma hivyo. Wenye kusoma tofauti, uwanja ni wenu, tujadiliane.