Tovuti za Utafiti wa Ushairi: Orodha Haitoshi

Mwalimu wa fasihi anapowapa wanafunzi wake orodha ya tovuti, hufanya kazi ya mhakiki, ajue asijue. Kuchagua ni kuhukumu, na hukumu isiyotolewa sababu haimfunzi mtu kitu. Kasoro ya orodha nyingi ndiyo hiyo: anwani hupangwa moja chini ya nyingine, kana kwamba zote zina uzito mmoja.

Mfano ni mwanafunzi anayetafiti mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, yafaa kuwa mlango wa kuingilia. Si ushahidi, maana yeyote aweza kuihariri, ingawa historia ya mabadiliko yake i wazi kwa msomaji. Chuo cha SOAS, London, kimeweka mtandaoni picha za miswada ya Kiswahili, zikiwamo karatasi za W. E. Taylor na William Hichens. Hapo mwanafunzi hukutana na matini yenyewe katika hati za Kiarabu. Jarida la Swahili Forum, lisomwalo bila malipo, humpa hoja za wataalamu, nazo pia zataka kupimwa.

Asiyeonyeshwa tofauti hizo huchukua shairi popote alionapo. Ukurasa usiotaja chanzo ukigeuza neno la Kimvita "mato" kuwa "macho", kina huharibika. Naye mwanafunzi huandika kwamba mshairi alilegea katika vina. Kosa la mnakili limekwisha kuwa la malenga. Tasnifu hiyo nayo ikiwekwa mtandaoni, kosa hupata shahidi wa pili.

Kwa hiyo kila tovuti haina budi kufuatana na maelezo mafupi: nani aliiweka matini, ameitoa katika mswada au chapa gani, yafaa kwa kazi ipi, na mwalimu aliikagua lini. Yawezekana kudaiwa kwamba mwalimu hana wasaa wa kazi hiyo. Jawabu ni kupunguza idadi: tovuti tano zilizoelezwa zina manufaa kuliko hamsini zilizorundikwa. Tena maelezo hayo humfunza mwanafunzi maswali ya kuiuliza tovuti ya sita, ambayo mwalimu hakuiona. Hapo ndipo orodha inapokuwa somo.