Mlango wa jamaa: nafasi ya pili katika riwaya za mapendo

Msomaji anaweza kushangaa kuona makala juu ya riwaya za mapendo katika kijitabu kinachosema juu ya mahari, matanga na majina ya watoto. Wakubwa wengi wanaziita vitabu vya kupoteza wakati. Sisi tunaofundisha sekondari tunaona jambo lingine. Hivi ndivyo vitabu ambavyo vijana wetu wanasoma bila kulazimishwa. Vinapita mkono kwa mkono mpaka jalada linakatika, na mtu wa mwisho anasoma bila kujua jina la mwandishi. Na karibu vyote vinauliza ulizo moja ambalo ni la desturi kabisa: mtu ambaye nyumba yake imevunjika, kwa kosa lake au kwa kosa la mwingine, anaweza kuanza tena? Na kama anaweza, ni nani anamfungulia mlango?

Tutasema kwanza juu ya riwaya zinazotoka mbali, kiisha tutaangalia vitabu viwili vya Afrika ambavyo tunavipenda, na mwishoni tutaviweka kando ya desturi zetu za hapa Kivu, tuone nani anamfundisha mwenzake.

1. Watu wawili peke yao

Vitabu vinavyopangwa chini kando ya barabara, juu ya mfuko wa plastiki, vingi ni Harlequin vya zamani. Kampuni hiyo ilianza Canada mwaka wa 1949, na tangu 1978 tawi lake la Ufaransa linatoa vitabu kwa Kifaransa. Kandokando yake utakuta pengine Nora Roberts wa Marekani, ambaye ameandika riwaya zaidi ya 200 na ambaye anapenda kuchanganya mapendo na hatari. Abidjan nayo ilijibu: mwaka wa 1998 Nouvelles Éditions Ivoiriennes walianzisha mfululizo wa Adoras, vitabu vidogo vya mapendo ambamo watu wana majina yetu, wanakula chakula chetu, na wanaogopa mashangazi wao.

Zile za mbali tunazijua njia yake. Mwanamke anarudi katika mji mdogo alikozaliwa, mara nyingi juu ya kifo cha baba au mama. Anakuta nyumba ya urithi, siri iliyofichwa humo, na mwanaume aliyemwacha miaka kumi iliyopita. Kuna mtu anamvizia usiku. Hapo taharuki inaanza, ni kusema ile hali ya kusoma roho ikiwa juu, mpaka taa ya mafuta inaisha. Mwishoni adui anajulikana, wawili wanasameheana, kitabu kinafungwa.

Hatusemi kwamba kazi hiyo ni rahisi. Kumshika msomaji kurasa 300 bila kumwachilia ni ufundi, na waandishi wetu wengi, wanaopenda kuhubiri katika kila sura, wangefaa kujifunza hapo. Lakini angalieni pahali pa jamaa. Baba amekufa, mama yuko mbali, ndugu anapita kusalimia tu. Jamaa ni kama picha iliyotundikwa ukutani. Wawili wanavunja wao wenyewe na wanarudiana wao wenyewe, jioni moja, mbele ya moto. Hakuna anayeuliza: wazee wanasema nini? Watoto wa ile ndoa ya kwanza watakaa wapi? Mahari ilirudishwa? Msomaji wetu anafurahi, lakini akifunga kitabu anakuta maulizo hayo yote yanamngojea jikoni.

2. Yasmin na milango ya Unguja

Kitabu cha kwanza tunachotaka kuweka mbele yenu kiliandikwa kwa Kiswahili. Ni Vuta n'kuvute cha Shafi Adam Shafi wa Zanzibar, kilichotolewa na Mkuki na Nyota mjini Dar es Salaam mwaka wa 1999. Huku kwetu hakipatikani rahisi. Nakala tuliyo nayo ilikuja katika mzigo wa msafiri. Mwaka wa 2021 Amil Shivji alikitolea filamu iliyoonyeshwa katika tamasha la Toronto, na kwa njia hiyo watu wengine wamelijua jina lake bila kukisoma.

Yasmin ni msichana wa miaka 15, wa jamaa ya Kihindi ya Unguja, wakati wa ukoloni wa Waingereza. Wanamwoza kwa Raza, mwenye duka, mwanaume aliyepita miaka 50. Anapelekwa Mombasa. Hapo anachoka, anamkimbia mume, anarudi Unguja. Na hapo ndipo kitabu kinapotufikia sisi: jamaa yake inamfungia mlango. Ameleta aibu. Anayempokea ni Mwajuma, rafiki maskini wa Ng'ambo, mwenye chumba kidogo na moyo mkubwa.

Baadaye Yasmin anampenda Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayepigana na serikali ya kikoloni. Taharuki ya kitabu inatoka huko. Polisi wanamtafuta Denge, na Inspekta Wright anataka kumtumia Yasmin amsaliti. Tunasoma haraka ili tujue kama atakubali. Lakini hii hatari haiko kama ile ya vitabu vya mbali, pahali ambapo mbaya ni mgeni mmoja mwenye kisu. Hapa anayemvizia msichana ni serikali nzima, na inampata kwa urahisi sababu jamaa yake imekwisha kumwacha peke yake. Mtu asiye na wa kumtetea ndiye anayeitwa ofisini na kuahidiwa feza. Tunadhani Shafi ameona jambo kubwa hapo, na wasomaji wa nchi yetu, ambao wamejua utawala wa namna ile, wataelewa bila mwalimu.

Mwishoni Yasmin haolewi na Denge. Anaolewa na Bukheti, kijana waliyejuana zamani, na ambaye alikutana naye tena Mombasa. Wanafunzi tuliowasomea sehemu za kitabu walikasirika: walimtaka shujaa. Sisi tunaona mwandishi alifanya vizuri. Nafasi ya pili ya Yasmin ni kupata mtu anayemjua tangu utoto na asiyemhesabia yaliyopita. Lakini tuseme pia lawama yetu. Bukheti anakuja kama bahati. Ni mpole mno, mwenye subira mno, na mwandishi hampatii kosa hata moja la kumfanya mtu kamili. Kwa kitabu kilichotuonyesha magumu mengi namna ile, furaha hiyo inatoka bila kugharimu ya kutosha.

Neno moja juu ya lugha. Ni Kiswahili cha Unguja, na msomaji wa Bukavu au wa Uvira atakwama pahali fulani. Asiogope. Akifika ukurasa wa 30 sikio litakuwa limezoea, na atajua kwamba lugha tunayoitumia sokoni inaweza kubeba riwaya nzima.

3. Mama anayesema hapana

Kitabu cha pili kinajulikana zaidi katika masomo yetu: Une si longue lettre cha Mariama Bâ wa Senegal, kilichotolewa Dakar mwaka wa 1979 na kupata tuzo ya Noma mwaka wa 1980. Wengi wanakifundisha kama kitabu cha kupinga wake wengi, basi. Sisi tunaomba kisomwe tena kama kitabu cha nafasi ya pili.

Ramatoulaye ana watoto 12. Mume wake Modou anamchukua Binetou, rafiki ya binti yao mwenyewe, na anahama. Huku kwetu tungesema alianza na biro ya pili, kiisha biro ikawa nyumba. Modou anakufa. Baada ya siku 40 za matanga, Tamsir, kaka wa marehemu, anakuja kumrithi mjane. Hamuulizi, anatangaza. Wazee wetu wanaijua desturi hii, sababu huku pia mjane alirithiwa, na ilisemwa kwamba ni kwa kuchunga watoto. Ramatoulaye anakataa. Kiisha anakuja Daouda Dieng, mtu mzuri, aliyempenda tangu ujana, na mama yake Ramatoulaye ndiye alimtaka tangu zamani. Hapo riwaya ya kawaida ya mapendo ingepiga ngoma: mapendo ya kwanza yamerudi! Ramatoulaye anakataa tena. Daouda yuko na bibi na watoto, na yeye aliyeumizwa hataki kumuumiza mwanamke mwingine.

Kwa hiyo nafasi ya pili iko wapi? Tunaikuta kwa binti. Aissatou, bado mwanafunzi wa lise, anapata mimba. Jirani Farmata anangojea kelele, fimbo, kufukuza. Mama anamkumbatia mtoto wake. Anajua pia kwamba masomo yatamfukuza msichana na kumwacha kijana aendelee, na wanatafuta namna ya kuficha tumbo mpaka likizo. Kwa sisi, hii ndiyo saa kubwa ya kitabu kuliko talaka na barua zote. Mwanamke ambaye jamaa haikumtendea haki anasimama mwenyewe kuwa mlango wa jamaa, na anaufungua.

Tuliposoma sehemu hii darasani, wavulana walisema mama ni dhaifu. Msichana mmoja wa nyuma akajibu: "Kama ni dhaifu, basi batu ba nguvu wako wapi? Maana huku kwetu wote wanafukuza." Hatukuongeza neno.

4. Desturi yetu ilikuwa na mbuzi na kasiksi

Sasa tuje nyumbani. Wazee wanasema: kosa moja haliachi mke. Katika desturi za huku, bibi aliyeumizwa alirudi kwa baba yake. Baba hakumrudisha siku ile, wala hakumtupa. Alingoja. Mume alikuja na mkubwa wa jamaa yake, na mbuzi, na kasiksi. Alikaa chini, akasemwa mbele ya watu, shangazi wa bibi akatoa yote yaliyofichwa, na mume akakubali kosa kwa mdomo wake. Ndipo pombe ilikunywewa. Mwandishi wa riwaya za taharuki angepata kazi pale: watu ishirini ndani ya nyumba moja, na hakuna anayejua kama mume atakubali ama atasimama na kwenda.

Uzuri wa desturi hiyo ni kwamba msamaha haukuwa siri ya watu wawili. Ulikuwa na mashahidi. Mume akirudia kosa, wote wanajua alichoahidi.

Lakini tusidanganyane. Mara nyingi baba aliuliza jambo moja tu moyoni: ng'ombe wa mahari wako wapi? Walikwisha kwenda kuoa bibi ya mtoto wake mwanaume. Hana cha kurudisha. Hivyo binti alirudishwa kwa mume anayempiga, na watu wakasema amepewa nafasi ya pili. Kwa kweli aliyepewa ni mume. Binti hakuulizwa, sawa na Tamsir ambaye hakuuliza.

Hapo tunaona vizuri tofauti. Vitabu vya mbali viko na neno "ndiyo" la mtu mwenyewe, lakini mlango wa jamaa hauonekani. Desturi yetu iko na mlango, lakini mara nyingi imesahau kungoja lile "ndiyo" la mwanamke. Shafi na Mariama Bâ wameviweka viwili hivi pamoja. Yasmin na Ramatoulaye wanasema ndiyo au hapana kwa mdomo wao, na bado hawaishi kama watu wasio na jamaa: wanaitafuta, inawauma, na wanapoikosa wanaijenga upya, mmoja na rafiki wa Ng'ambo, mwingine na watoto wake.

5. Juu ya nini jambo hili si mchezo

Tunaandika haya katika mkoa uliojua vita tangu 1996. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa hapa Bukavu mwaka wa 1999, imetibu maelfu ya wanawake waliofanyiwa ubaya na watu wenye silaha. Mganga anashona mwili. Lakini siku ya kutoka hospitali, mwanamke anakwenda wapi? Wengine mume amekwisha kuoa mwingine. Wengine wakwe wanasema ameleta aibu, kama yeye ndiye aliyekwenda kuitafuta. Desturi ya mbuzi na kasiksi ilijua kosa la mume na kosa la bibi. Haikujua namna ya kumpokea mtu ambaye hana kosa lolote na ambaye bado anafungiwa mlango.

Riwaya hiyo, kwa Kiswahili chetu, tunaingojea. Hatutaki kitabu cha machozi tu, wala kitabu cha kuomba misaada. Tunataka riwaya ya mapendo na taharuki: mwanamke anarudi kijijini, mume yuko mlangoni, wazee wamekaa, na sisi tunageuza kurasa tukiogopa atakachosema. Mwandishi asimfanye mume mpole mno kama Bukheti. Amwonyeshe akiona haya, akiogopa vicheko vya kilabuni, akishindwa mara moja au mbili. Na mwanamke apewe nafasi ya kusema hapana vilevile, maana pengine ni yeye ambaye hatamtaka tena.

Kwa walimu wenzetu tunaomba kitu kidogo: musinyang'anye vitabu vile vya mapendo darasani. Muulize mwanafunzi: katika hadithi hii, jamaa iko wapi? Nani alimfungulia huyu mtu mlango, na nani alilipa? Kwa wazazi, tunaomba musome pamoja na binti zenu zile kurasa za Aissatou na mama yake, mapema, wakati nyumba bado iko na amani. Siku shida inaingia hakuna mtu anakuwa na wakati wa kufungua kitabu.