Hamu na Ukumbusho: Sanaa ya Kisasa Itokanayo na Michezo ya Video ya Zamani

1. Utangulizi

Tangu mwanzo wa karne hii, majumba ya sanaa ya Marekani, Ulaya na Asia yamepokea kazi nyingi ambazo malighafi yake ni michezo ya video ya miaka ya 1970 na 1980. Wasanii huchukua maumbo yaliyojengwa kwa vimraba vichache vya rangi, yaani pikseli, pamoja na milio sahili ya mashine za wakati ule, wakayageuza kuwa michoro, mozaiki au filamu. Taasisi kubwa nazo zimefuata. Mwaka 2012 Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Marekani la Smithsonian, mjini Washington, lilionyesha michezo 80. Mwaka huo huo Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York (MoMA) liliingiza michezo 14 katika hazina yake, miongoni mwake Pac-Man (1980) na Tetris (1984).

Wahakiki wanaoueleza mkondo huu mara nyingi hutosheka na neno moja: nostalgia. Neno hilo halikuzaliwa katika sanaa. Lilibuniwa mwaka 1688 na Johannes Hofer, mwanafunzi wa uganga mjini Basel, ili kutaja maradhi ya Waswisi waliokaa mbali na kwao wakadhoofika kwa kupatamani. Kwa Kiswahili laweza kufasiriwa kuwa hamu ya yaliyopita. Swali ni hili: je, hamu hiyo peke yake yatosha kuifanya kazi iwe sanaa? Na je, mtazamaji ambaye utoto wake haukupitia katika michezo hiyo ana lolote la kusema mbele ya kazi hizi?

2. Ukumbusho kama kipimo

Kiswahili kinatenganisha mambo ambayo neno nostalgia linayachanganya. Hamu ni hali ya moyo. Humpata mtu, naye akabaki nayo. Kumbukumbu hutokana na kitenzi kukumbuka. Ni kile kilichohifadhiwa, nacho ndicho neno lililochukuliwa pia kutaja uwezo wa kompyuta wa kuhifadhi habari. Lakini ukumbusho hutokana na kauli ya kusababisha, kukumbusha. Kauli hiyo hudai pande mbili: anayekumbusha na anayekumbushwa. Asiyejua aweza kukumbushwa pia, kwa maana ya kuzinduliwa juu ya jambo linalomhusu ambalo yeye mwenyewe hakulishuhudia.

Katika Katanga neno hili lilipata uzito wa pekee. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, waliotafiti uchoraji wa watu wa kawaida katika miaka ya 1970, wakati jimbo lilipoitwa Shaba, walikuta kwamba wachoraji na wanunuzi walitumia neno ukumbusho kueleza thamani ya picha. Picha iliyotundikwa sebuleni haikuwa pambo tu. Ilitakiwa imfanye mgeni aulize na mwenyeji asimulie. Mfano unaojulikana zaidi ni picha za aina ya Colonie belge, zionyeshazo mfungwa akichapwa mbele ya ofisa. Hakuna aliyezinunua kwa sababu alitamani fimbo zirudi. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947, aliupeleka mwendo huo mbali zaidi katika mfululizo wa picha 101 za historia ya nchi, alizomchorea Fabian mwaka 1973 na 1974 huku akizieleza kwa mazungumzo.

Huenda mtu akauliza ni kwa haki gani neno la Lubumbashi na Kolwezi litumiwe kupima kazi za New York. Jibu li karibu. Neno la daktari wa Basel nalo lilikuwa la mahali pamoja kabla ya kukubaliwa kila mahali. Kipimo hupimwa kwa kile kinachoonyesha.

3. Mawingu ya Cory Arcangel

Kazi mashuhuri kuliko zote za mkondo huu ni Super Mario Clouds (2002) ya Cory Arcangel, Mmarekani aliyezaliwa Buffalo mwaka 1978. Ilionyeshwa katika maonyesho ya Whitney ya mwaka 2004, na jumba hilo likaja kuinunua. Chanzo chake ni mchezo wa Super Mario Bros., uliotolewa na kampuni ya Nintendo mwaka 1985. Mtazamaji hakuti fundi Mario, wala adui, wala sarafu, wala muziki. Aona mbingu ya buluu na mawingu meupe yapitayo polepole, bila mwanzo na bila mwisho.

Husemwa mara nyingi kwamba msanii alifuta mchezo akaacha mawingu. Maelezo hayo ni mepesi mno. Arcangel alifungua kaseti ya mchezo, akaondoa chipu iliyobeba programu, akatia mahali pake chipu nyingine yenye programu aliyoiandika mwenyewe. Chipu ya picha aliiacha kama ilivyokuwa. Kwa hiyo maadui na sarafu bado wamo ndani ya kaseti, ila hakuna anayewaita. Kisha alitangaza programu yake na maelezo ya kazi hatua kwa hatua, ili yeyote aweze kuirudia.

Jambo hili lina maana kubwa. Mchezo wote wa awali ulitoshea katika kilobaiti 40. Kwa sababu ya ufinyu huo, watungaji wake walilitumia umbo moja mara mbili: wingu likitiwa rangi ya kijani huwa kichaka ardhini. Maelfu ya watoto walikimbia mbele ya vichaka hivyo bila kutambua, kwa kuwa mchezo haukuwapa nafasi ya kutazama. Ulikuwa na saa ihesabuyo kurudi nyuma, na aliyesimama alikufa. Arcangel amempa mtazamaji muda ambao mchezo ulimnyima. Aliyecheza utotoni huja akitafuta utoto wake, asiukute. Hukuta ufundi wa watu waliofanya kazi katika uhaba. Asiyecheza kamwe huona mawingu hayo hayo. Hapo hamu imegeuzwa kuwa ukumbusho.

Ubora huu waonekana zaidi kazi hii ikilinganishwa na nyingine ya Arcangel ya mwaka ule ule, I Shot Andy Warhol. Humo alibadilisha mchezo wa kulenga shabaha, Hogan's Alley (1984), ili mtazamaji ashike bastola ya plastiki na kumlenga mchoraji Warhol. Ni mzaha mzuri kwa ajuaye mchezo na mchoraji. Lakini mzaha ukishaeleweka umekwisha, na asiyemjua Warhol huachwa mlangoni.

4. Vigae vya Invader

Msanii wa Ufaransa ajiitaye Invader alichagua njia nyingine. Tangu mwaka 1998 amekuwa akibandika katika kuta za miji vigae vidogo vinavyounda viumbe wa Space Invaders, mchezo uliotungwa na Tomohiro Nishikado kwa kampuni ya Taito ya Japani mwaka 1978. Mwaka 2011 alitimiza kazi ya 1000 mjini Paris. Kazi yake moja ilifika katika kituo cha kimataifa cha anga. Kila kazi hupewa namba na pointi, na miji iliyokwisha "kuvamiwa" huchorewa ramani.

Wazo la kigae ni la busara: kigae na pikseli vyote ni vimraba, na mozaiki ya kale imegeuzwa kuwa jamaa wa skrini. Aidha, mpita njia hujifunza kuinua macho na kuuona upya ukuta aliouzoea. Hata hivyo, pana upungufu. Katika mchezo wa awali wavamizi hushuka, na mchezaji hawezi kushinda milele. Kila wimbi likiisha huja jingine, hadi aangamie. Katika kazi ya Invader tishio hilo limetoweka. Mvamizi amekuwa kipambo kipendwacho, chenye wawindaji na wakusanyaji, na neno "kuvamia" latumiwa juu ya miji kana kwamba halina historia. Msomaji wa Kongo, ambaye katika nchi yake neno hilo si la mchezo, ana haki ya kushtuka. Kazi 1000 hazikuthibitisha jambo kuliko kazi 10 za kwanza, zimelizidisha tu.

5. Feng Mengbo na safari ndefu

Feng Mengbo, aliyezaliwa Beijing mwaka 1966, yu karibu zaidi na Tshibumba kuliko anavyojua mwenyewe. Katika miaka ya 1990 alichora mfululizo wa picha za rangi zinazofanana na skrini za mchezo wa video ambao haukuwapo, kuhusu Safari Ndefu ya Jeshi Jekundu la China ya mwaka 1934 na 1935. Mwaka 2008 aliutengeneza mchezo huo kwa kweli na kuuita Long March: Restart. Huonyeshwa katika skrini ndefu mno, kiasi kwamba mchezaji hulazimika kutembea ukutani akimfuata askari wake mdogo, ambaye silaha yake ni makopo ya Coca-Cola.

Hapa hamu mbili zimegonganishwa: ile ya mtoto kwa mchezo wake na ile ya taifa kwa masimulizi ya mashujaa wake. Feng haikejeli moja kwa kuitukuza nyingine. Anaonyesha kwamba zote mbili hufuata kanuni moja: anayeanguka huanza upya, na njia imekwisha kuchorwa kabla msafiri hajaondoka. Mwili wa mtazamaji, unaochoka kwa kuifuata skrini, hukumbushwa kwamba safari ya kweli ilikuwa na miguu na vifo. Haidhuru kama alizaliwa China au la.

6. Upande usioonyeshwa

Limebaki jambo moja ambalo mkondo huu, katika sehemu yake kubwa, umelinyamazia: mashine yenyewe ilitengenezwa kwa nini? Katikati ya miaka ya 1980, Mario alipoanza kukimbia, Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Haiwezekani kuonyesha kwamba shaba ya kaseti fulani ilitoka Kolwezi au Likasi. Hata hivyo, saketi hazichorwi kwa mwanga, na utoto unaotamaniwa katika majumba ya sanaa ulikuwa na upande wa pili, wa mgodi na kiwanda.

Kazi moja imejaribu kuusema. Mwaka 2011 kikundi cha Molleindustria kilitoa Phone Story, mchezo mfupi wa simu ulioundwa kwa picha sahili. Katika sehemu yake ya kwanza mchezaji ni mlinzi mwenye silaha ambaye kazi yake ni kuwashurutisha watoto wa Kongo wasiache kuchimba koltani. Kampuni ya Apple iliuondoa katika duka lake mara tu baada ya kutolewa. Mchezo huo unastahili heshima kwa kuuhusisha mkono unaocheza na mkono unaochimba. Lakini mtoto wa Kongo ndani yake hana jina wala sauti. Ni umbo linalosimama na kuinama. Mkumbushaji amesema juu yake, hakusema naye. Tshibumba aliwapa watu wake majina, tarehe na mahali.

7. Hitimisho

Kazi zilizochunguzwa zinaonyesha kwamba thamani ya sanaa hii haitegemei kiasi cha hamu inayoamshwa. Pale msanii anaporudisha tu umbo lililopendwa, kazi huwa mali ya kizazi kimoja, nayo itazeeka pamoja nacho. Pale anapoondoa kitu, kama Arcangel, au anapogonganisha tamaa mbili, kama Feng, hata mgeni hupata fungu lake. Lugha ya Kiswahili imeliita jumba la kuhifadhia vitu jumba la makumbusho, neno la shina lile lile la kusababisha. Yaani, jumba lenyewe linadaiwa likumbushe, lisihifadhi tu. Pac-Man na Tetris zimekwisha kuingia humo. Katika Lubumbashi na Kolwezi, ambako bodi za saketi hurudi zikiwa takataka baada ya shaba kuondoka ikiwa madini, malighafi ya kazi nyingine ipo tayari, na istilahi ya kuihakiki ipo tayari pia.