Maneno ya Kaburini

Msomaji, katika fani zote za maandishi zilizopo nchini mwetu, ni chache zisomwazo mbele ya watu wengi kama wasifu wa marehemu, na ni chache zipimwazo kwa nadra kama huo. Riwaya huhakikiwa, shairi huchambuliwa, tamthilia husifiwa au hulaumiwa. Lakini wasifu usomwao kando ya jeneza huachwa uende na upepo. Sababu yake ni heshima, maana muungwana hamkosoi mfiwa. Heshima hiyo ni njema, lakini ikizidi huleta hasara, kwa kuwa maneno yasiyopimwa hayatengenei. Katika insha hii nataka tuyapime maneno ya kaburini kama yanenwavyo katika kaunti za Homa Bay na Migori, kusini ya Ghuba ya Winam, ambako wafu huzikwa nyumbani kwao, karibu na nyumba za walio hai, na ambako msiba mmoja hukusanya kijiji kizima.

Tuanze na umbo lake. Wasifu huo hupigwa chapa katika kijitabu chenye picha ya marehemu, na husomwa na mtoto au mpwa aliyesoma. Hueleza marehemu alizaliwa mwaka gani, na nani, akiwa mtoto wa ngapi. Alisoma wapi, alifanya kazi gani, alioa au aliolewa lini, na watoto wake ni wangapi. Kisha huja ugonjwa, ambao mara nyingi huitwa wa muda mfupi, na kifo, ambacho mara nyingi hakiitwi kifo. Marehemu ametangulia, ameitwa, amepumzika, ametuacha. Mwisho husemwa kwamba alikuwa mpole, mkarimu, mchapa kazi na mcha Mungu. Mtu aliyehudhuria mazishi kumi aweza kuusoma wasifu wa kumi na moja kabla haujaandikwa.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba umbo hilo halibadiliki, ingawa imani za wazikaji hubadilika. Mwaka wa 1906 wamisionari wa Kiadventista, Arthur Carscallen na mwenzake Peter Nyambo aliyetoka nchi ambayo leo ni Malawi, walifika Gendia, karibu na Kendu Bay. Waadventista hufundisha kwamba mfu amelala, wala hajui neno lolote mpaka siku ya ufufuo. Wakatoliki, ambao kaunti hizi mbili zimo katika jimbo lao la Homa Bay lililoundwa mwaka wa 1993, huadhimisha misa kwa ajili ya marehemu, wakiamini kuwa maombi ya walio hai humfaa aliyefariki. Huko Migori kipo kilima cha Got Kwer, mahali patakatifu pa waumini wa Legio Maria, kanisa lililojitenga na Kanisa Katoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hapo ndipo alipozikwa kiongozi wao Simeo Ondeto, aliyefariki mwaka wa 1991. Waumini hao nao huwaombea wafu wao kwa juhudi kubwa.

Hivyo basi, mafundisho haya hayalingani juu ya mauti, na yanakaa jirani. Mtu angetazamia kusikia lugha mbalimbali makaburini. Lakini wasifu wa Mwadventista, wa Mkatoliki na wa mfuasi wa Legio Maria hufanana kama maharagwe ya chungu kimoja. Hata pale ambapo mhubiri amekwisha kufundisha kwamba mfu amelala, msomaji wa wasifu husimama akasema kwamba baba anatutazama kutoka juu. Hakuna anayeona kuwa kauli ya pili imeikanusha ya kwanza. Hii ni dalili kwamba wasifu haukutoka katika imani ya mwandishi wake. Umetoka mahali pengine, na mimi nadhani umetoka katika hofu.

Hofu hiyo ina historia. Mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Kenya alitambuliwa mwaka wa 1984, na mwaka wa 1999 serikali ikautangaza ugonjwa huo kuwa janga la taifa. Pwani hizi za ziwa ziliumia kuliko sehemu nyingine za nchi. Hata katika uchunguzi wa mwaka wa 2018, karibu watu 20 katika kila 100 wa Homa Bay, wenye umri wa miaka 15 hadi 64, walionekana kuwa na virusi hivyo, na Migori ilikuwa miongoni mwa kaunti nne za juu. Waswahili husema kifo cha wengi arusi. Methali hiyo ilijaribiwa sana katika miaka ile, nayo haikustahimili. Watu walikufa kwa wingi, lakini kila mmoja alikufa peke yake, kwa sababu jina la ugonjwa wake halikutamkika. Ndipo maneno “muda mfupi” yalipopata kazi. Yalikuwa pazia: kila mtu alijua kilichokuwa nyuma yake, na kila mtu alijifanya hajui.

Tusiwalaumu mno waliolitundika pazia hilo. Walikuwa wakiwakinga wajane na yatima wasinyooshewe vidole. Lakini tazama gharama yake. Mwaka wa 2001 madaktari wa Médecins Sans Frontières walianza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi, bila malipo, katika hospitali ya Homa Bay. Dawa hiyo ilimtaka mtu kwanza ajue hali yake na kuikubali. Je, mtu atakubalije akiwa hai jambo ambalo hata juu ya maiti halikubaliki kutajwa? Pazia la mazishini liliwafunika walio hai pia. Kwa hiyo suala la maneno ya kaburini si suala la ufasaha tu. Neno likikosewa hapo, laweza kuongeza kaburi jingine.

Wako watakaojibu kwamba Mkristo hana haja ya kukitaja kifo kwa ukali, kwa kuwa ana tumaini. Hapa ndipo nionapo kosa kubwa la wasifu wetu, nalo ni kosa la usomaji. Mara nyingi mazishini hukumbukwa maneno ya Ayubu kwamba Mungu hutoa na Mungu hutwaa. Maneno hayo ni ya kweli na ni mazito. Lakini yamo katika sura ya kwanza, na kitabu cha Ayubu kina sura 42. Katika sehemu kubwa ya sura zinazofuata Ayubu analalamika, anailaani siku aliyozaliwa, anadai kusikilizwa, na rafiki zake wanaomfariji kwa maneno laini ndio wanaokemewa mwishoni. Sisi tumeichukua sura ya kwanza, tukayaacha malalamiko. Tumemchagua Ayubu aliyenyamaza, tukamzika Ayubu aliyelia.

Vivyo hivyo kwa Bwana Yesu mwenyewe. Methali yetu yasema kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana, na kweli Injili yamwonyesha kimya mbele ya waliomhukumu. Lakini usiku uliotangulia, katika bustani ya Gethsemane, hakuwa kimya. Alihuzunika, akaomba kikombe kile kimwondokee. Na kaburini kwa Lazaro, ingawa alijua kuwa punde atamfufua, alilia kwanza. Zingatia mpangilio huo, msomaji, maana ndio ufunguo wa uhakiki huu: machozi kwanza, kisha ufufuo. Wasifu wetu huyaruka machozi ili kuwahi tumaini, na kwa hiyo tumaini lake halina uzito. Faraja isiyopita katika msiba ni kama mtumbwi uliopakwa rangi nzuri ukaachwa ufukweni. Haujajulikana kama unaelea.

Wazee wa Kijaluo walilijua jambo moja ambalo wasifu wa leo umelisahau. Alipofariki mtu mzima mwenye heshima, wanaume walifanya tero buru: walichukua mikuki na ngao, wakaswaga ng'ombe, wakakimbia mpaka mipakani kwa kelele na vumbi, kana kwamba wanafukuza jeshi. Adui aliyefukuzwa ni mauti. Wahubiri wengi waliiita desturi hiyo ushenzi. Lakini Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho, alikiita kifo adui, tena adui wa mwisho. Katika hukumu hiyo moja Mtume na mzee mwenye mkuki wanakubaliana, na anayepingana nao wote wawili ni mwandishi wa wasifu anayekiita kifo safari. Hawalingani katika jambo la pili. Mzee alidhani adui aweza kusukumwa mpaka ng'ambo ya mto. Mkristo anakiri kwamba hakuna mkuki unaomfikia, ila yuko mmoja aliyeingia katika ngome yake akatoka. Hata hivyo, mtu asiyekubali kwamba kuna adui hawezi kuifurahia habari ya ushindi.

Yapo maandishi mawili yanayoweza kutufundisha njia bora. La kwanza liko katika kisiwa cha Rusinga, kaunti ya Homa Bay, juu ya kaburi la Tom Mboya, waziri aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na umri wa miaka 38. Maandishi ya kaburi lake ni machache. Yanamwambia mpitaji aende akapigane kama mtu huyu alivyopigana. Yanasema wazi kwamba alikufa kwa sababu ya kupigana. Na yanakiri kwamba vita vyake havijashindwa bado. Uone ushujaa wa kukiri huko. Wasifu wa kawaida ungesema kwamba amekamilisha kazi yake. Maandishi haya yanasema kazi haijaisha, na kwa kusema hivyo yanamwajiri kila asomaye. Upungufu wake, kwa macho ya Mkristo, ni kwamba yanaishia katika vita, wala hayatamki tumaini lolote kwa aliyelala chini ya jiwe. Lakini ukweli wake ni msingi ambao tumaini laweza kujengwa juu yake.

La pili latoka ng'ambo ya ghuba. Margaret Ogola, daktari wa watoto na Mkatoliki, alitoa riwaya yake The River and the Source mwaka wa 1994, nayo ikasomwa miaka mingi katika shule za sekondari. Humo watu wa ukoo mmoja wanakufa mmoja mmoja: mwingine vitani, mwingine kwa mwiba wa samaki uliomkwama kooni, mwingine kwa uzee. Na Becky, mjukuu wa ukoo huo, anakufa kwa Ukimwi, na mwandishi anautaja ugonjwa kwa jina lake, katika miaka ambayo mazishini haukutajwa. Lakini hamwaibishi Becky. Watoto wake wanapokewa na jamaa na kulelewa, na msomaji haambiwi kwamba kila kitu ni chema. Ogola mwenyewe aliugua saratani, akafariki mwaka wa 2011. Ubora wa kazi yake kwa suala letu ni kwamba aliweza kusema kweli juu ya kifo na bado akaacha mlango wazi.

Huenda ukauliza: je, tutangaze siri za marehemu mbele ya umati? La. Kusema kweli si kufichua siri. Familia ina haki ya kutoutaja ugonjwa, na asiyetaka kuutaja anaweza kunyamaza; kimya ni cha heshima kuliko “muda mfupi” wa uongo. Kadhalika mtu aliyekuwa mkali haina haja kumtukana kaburini. Inatosha kutomwita mpole. Sema kwamba alipenda watoto wake kwa ukali, kama ndivyo alivyowapenda, na kila aliyemjua ataitika kwa kichwa na kulia kwa kweli. Sifa moja ya haki humkumbusha marehemu kuliko sifa kumi za kuazima.

Basi wasifu mzuri wa Kikristo, kwa maoni yangu, wahitaji mambo manne, na mpangilio wake usivurugwe. Kwanza, mtu mwenyewe, kwa tendo moja au mawili yaliyokuwa yake peke yake. Pili, kifo, kikiitwa kifo. Tatu, kilio, pamoja na maswali yasiyo na jibu, maana Ayubu aliruhusiwa kuyauliza. Nne, tumaini, kama kanisa la marehemu linavyolifundisha hasa, wala si tumaini la kuokotwa njiani. Anayeamini kwamba mfu amelala na aseme amelala, na anayeamini kumwombea na aombe. Hotuba za wanasiasa wanaoligeuza jeneza kuwa jukwaa hazimo katika hesabu hii, na zingeachwa zisingepungukiwa na mtu.

Msomaji kijana, jambo hili lakuhusu upesi kuliko unavyodhani. Katika nyumba nyingi za Homa Bay na Migori anayepewa kalamu siku ya msiba ni yule aliyeko shuleni, kwa kuwa mwandiko wake ni safi na wakubwa wameelemewa. Siku hiyo utaletewa kijitabu cha mazishi ya mwingine ili ukinakili, ubadilishe majina na miaka. Usikubali haraka. Waulize wenyeji marehemu alikuwa akisema nini alipokasirika, alimkopesha nani mbegu, alicheka kwa jambo gani. Andika hayo. Kisha andika kwamba amekufa, na ya kwamba mnaumia. Ukifika hapo, neno la ufufuo halitakuwa pambo tena. Watu watalisikiliza kama watu wanaolihitaji.